Pumba, makapi na mabaki ya viwandani kuwa mvuke na umeme: tujadili tanuri la mchanga unaochemka, na kwa nini jivu lipimwe kabla boila haijanunuliwa

#1. MotoNaMvuke

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Swali la pumba zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa mpunga huulizwa mara kwa mara: je, haziwezi kutupatia umeme? Mijadala mingi ya aina hiyo huanza na megawati na kuishia kwenye megawati. Mimi nimefanya kazi na boila za viwandani kwa muda mrefu, na ningependa tuanzie upande wa pili, yaani kwenye kile kinachobaki baada ya moto. Msimamo wangu ni kwamba teknolojia ya kuchoma mabaki ya mashambani na viwandani ndani ya mchanga unaochemka imekwishathibitishwa na inawafaa sana wenye mabaki mchanganyiko kama sisi, lakini mtu asitoe hata malipo ya awali ya boila kabla jivu la mabaki yake halijapimwa maabara.

Nianze na tanuri lenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kuliona. Chini ya chumba cha moto kuna sahani ya chuma yenye nozeli nyingi, yaani vitundu vya kupulizia hewa, na juu yake umelazwa mchanga wa kina cha sentimita 30 hivi, ambao chembe zake zina ukubwa wa nusu milimita hadi milimita moja. Feni inapoanza kupuliza, hewa hupenya tu katikati ya chembe na mchanga hausogei. Hewa ikiongezwa, hufika mahali ambapo nguvu yake inalingana na uzito wa mchanga. Hapo chembe huachana, na mchanga wote huanza kutokota kama uji ulio motoni. Tangu hapo mchanga huwa na tabia za kimiminika: hujisawazisha wenyewe, kilicho kizito huzama, kilicho chepesi huelea, na joto husambaa upesi kiasi kwamba vipimajoto vilivyowekwa kwenye pembe tofauti za tanuri husoma karibu sawa.

Mchanga huo ukishapashwa moto, fueli huingizwa kidogo kidogo. Jambo la kuzingatia ni kwamba wakati tanuri linafanya kazi, fueli ni asilimia chache tu ya uzito wote uliomo, na sehemu kubwa iliyobaki ni mchanga na jivu vyenye moto mkali. Ndiyo maana tanuri hili huvumilia mambo ambayo boila ya chanja, yaani ile ambayo fueli huungua juu ya wavu wa chuma, haiyavumilii. Ukitupa koleo la makapi mabichi juu ya chanja, moto wa mahali hapo hufifia na moshi mzito hutoka. Ukiyatupa ndani ya tani kadhaa za mchanga ulio kwenye nyuzijoto 850, maji yake hukauka mara moja na moto hautikisiki. Leo unaweza kuchoma pumba, kesho vumbi la mbao, keshokutwa makapi ya miwa, bila kubadilisha tanuri, mradi mfumo wa kulishia uweze kuvipokea vyote.

Faida nyingine inatokana na joto lenyewe. Tanuri la aina hii huendeshwa kati ya nyuzijoto 800 na 900 hivi, ambalo ni joto la chini kuliko ndimi za moto wa makaa ya mawe juu ya chanja au yale yaliyosagwa na kupulizwa. Kwa joto hilo, naitrojeni ya hewani haiungani kwa wingi na oksijeni kutengeneza gesi chafu. Tena, mtu akichanganya mabaki yake na makaa ya mawe yenye salfa, anaweza kutia chokaa ghafi humo humo ndani ya mchanga, na karibu na nyuzijoto 850 ndipo chokaa inapoinasa salfa vizuri zaidi na kuigeuza kuwa jasi ngumu inayotoka pamoja na jivu.

Teknolojia hii si ya majaribio. Mjerumani Fritz Winkler alipata hataza yake mwaka 1922 kwa ajili ya kutengeneza gesi kutokana na makaa, na mtambo wa Leuna ulianza kuitumia mwaka 1926. Matumizi yake katika boila yalisukumwa kwa nguvu nchini Uingereza kuanzia miaka ya 1960, ambako Douglas Elliott alikuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa. Hata hivyo, waliolifikisha tanuri hili kwenye mabaki ni Wafini. Viwanda vyao vya mbao na karatasi vilikuwa na milima ya magome ya miti na tope la karatasi lenye maji zaidi ya nusu ya uzito wake, nchi haikuwa na makaa ya mawe wala mafuta yake yenyewe, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 kampuni ya Ahlstrom iliwasha kule Pihlava boila yake ya kwanza ya kibiashara ya mchanga unaozunguka, aina ambayo hewa huenda kasi zaidi, hubeba mchanga hadi juu, na saikloni, yaani chombo kinachozungusha moshi ili chembe zijitenge, huurudisha chini. Baada ya miaka kama ishirini, boila ya Alholmens Kraft mjini Pietarsaari ilikuwa inazalisha megawati 240 za umeme kwa kuchoma magome, mabaki ya misitu na mboji ya vinamasi.

Kwetu Afrika Mashariki, kuchoma mabaki si jambo geni. Viwanda vya sukari vya TPC kule Moshi, Kilombero, Kagera na Kakira ya Uganda huchoma makapi ya miwa kupata mvuke na umeme wao. Kampuni ya TANWAT kule Njombe ilizalisha umeme kwa mabaki ya miwati na mbao na kuiuzia TANESCO. Kiwanda cha saruji cha Hima, Uganda, kiliingiza maganda ya kahawa katika tanuri lake la klinka kupunguza mafuta mazito. Lakini viwanda vya sukari vina bahati ambayo mwenye pumba hana: makapi ya miwa yana jivu dogo, na yanapatikana hapo hapo kiwandani.

Pumba ni habari nyingine. Karibu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni pumba, na kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wa pumba ni jivu, ambalo kwa sehemu kubwa ni silika, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Silika hiyo imejengeka ndani ya pumba kama mifupa. Ukiichoma pumba juu ya chanja, sehemu inayowaka huondoka lakini mifupa hubaki na umbo lake, na ndani yake kaboni hufungiwa mahali ambapo hewa haifiki. Ndiyo sababu majivu ya pumba tunayoyaona kando ya tanuri za matofali ni meusi: ndani yake mna nishati iliyopotea. Ndani ya mchanga unaochemka, chembe huigonga na kuisaga mifupa hiyo bila kupumzika, kaboni hufunuliwa na kuungua, na jivu hutoka likiwa la kijivu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kulitumia tanuri hili kwa mpunga.

Sasa tufike kwenye hatari. Mimea yote ina potasiamu, na mingine inayo nyingi mno. Potasiamu ikikutana na silika ya mchanga ndani ya moto, hutengeneza aina ya kioo ambacho huanza kuyeyuka hata chini ya nyuzijoto 800, yaani chini kabisa ya joto la kazi la tanuri. Chembe za mchanga huvikwa utando wa kunata, hushikana mbili, kumi, mia, na mwishowe mchanga huacha kuchemka. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanyia kazi, dalili zilionekana kwanza kwenye chumba cha udhibiti: kipimajoto kimoja kilisoma 780 na jirani yake 910, wakati vilipaswa kulingana, na kipimo cha shinikizo la hewa chini ya sahani, ambacho kwa kawaida hucheza, kilikuwa kimetulia tuli. Tanuri lilipozimwa na mlango kufunguliwa, tulikuta bamba la mchanga ulioshikana upana wa meza, lenye mashimo meusi pale hewa ilipojipenyezea, gumu kiasi cha kuhitaji nyundo na patasi. Mwenye kiwanda alikuwa ameuziwa boila iliyosanifiwa kwa pumba, naye akaanza kuilisha mabua na maganda ya aina nyingine kwa sababu pumba zilikuwa zimeadimika, na hakuna aliyemweleza kwamba jivu lake halikuwa lile lile.

Ndugu zangu, naomba tujadili kwa takwimu na kwa uzoefu.

#2. Mchele_Ubaruku

Mkuu MotoNaMvuke, shukrani kwa uzi huu ulioandikwa kwa kina. Mimi ninakoboa mpunga Mbarali. Wakati wa msimu mashine zangu hupitisha tani 5 kwa saa, na pumba zimekuwa mzigo: mvua zikinyesha zinaoza, kiangazi watu wanazichoma usiku na moshi unaingia majumbani. Nilitembelewa na wakala wa boila kutoka nje, akaniahidi megawati moja. Naomba unikokotolee kwa lugha rahisi kama ahadi hiyo inawezekana.

#3. MotoNaMvuke

Ndugu Mchele_Ubaruku, tuikokotoe hapa hapa ili kila mwenye mashine aweze kuweka tarakimu zake.

Tani 5 za mpunga hutoa takriban tani 1 ya pumba kwa saa. Kilo moja ya pumba kavu ina kati ya megajuli 13 na 15, tuchukue 13.5. Hiyo ni megajuli 13,500 kwa saa, sawa na megawati 3.75 za joto. Boila nzuri itakupa asilimia 80 yake kwenye mvuke, yaani megawati 3, au mvuke wa tani 4 na zaidi kidogo kwa saa. Kwa joto hilo ahadi ya wakala inaonekana kuwa karibu, lakini turbaini ndogo za mvuke zina ufanisi mdogo, na katika mitambo ya ukubwa huu kilowati-saa moja hula kilo moja na nusu hadi mbili za pumba. Tarajia kilowati 500 hadi 600, na kutoka humo uondoe umeme wa feni, ambazo katika tanuri la aina hii hula zaidi kuliko kwenye chanja kwa kuwa hewa inapaswa kuubeba mchanga wote. Megawati moja haipo, isipokuwa ununue pumba za majirani.

Ukinunua za majirani, hesabu usafirishaji kabla ya kitu kingine chochote. Mita moja ya ujazo ya pumba ina uzito wa kilo 100 hivi. Lori lenye bodi ya mita za ujazo 30 litabeba tani 3 tu hata likijaa hadi juu, na joto lililomo ni sawa na la tani moja ya mafuta mazito. Kwa kilomita chache biashara inalipa. Kwa safari ya kutwa nzima, dizeli ya lori huimeza faida yote. Halafu fikiria ghala: tanuri lako litakula mita za ujazo 240 kwa siku, na ni lazima ziwe kavu hata wakati wa masika.

Jambo la mwisho kwako ni msimu. Umesema tani 5 kwa saa ni za wakati wa msimu. Boila na turbaini vinalipiwa mkopo miezi yote 12. Kwa sababu hiyo ningekushauri utangulize mvuke na joto: kausha mpunga wako mwenyewe unapovunwa na unyevu, na utafute kiwanda jirani kinachochemsha kitu kwa mafuta au kuni, umuuzie mvuke. Joto hilo halipotezi asilimia 85 yake njiani kama linavyopotea kwenye turbaini ndogo. Umeme wa ziada unaweza kuuzwa chini ya utaratibu wa wazalishaji wadogo ulioanza nchini mwaka 2008, unaoanzia kilowati 100 hadi megawati 10, lakini usiujenge mradi wote juu ya mauzo hayo peke yake.

#4. Kibanja_Bukoba

Nafuatilia kwa makini kutoka Kagera. Huku tuna kahawa ya maganda, yaani robusta inayokaushwa na tunda lake zima, na inapokobolewa viwandani maganda hubaki kwa wingi. Ni makavu, yanawaka vizuri, wala hayana jivu jingi kama pumba. Je, si kweli kwamba tuna fueli bora kuliko wenzetu wa mpunga?

#5. MotoNaMvuke

Ndugu Kibanja_Bukoba, kwa upande wa joto na wingi wa jivu, ndiyo. Maganda ya kahawa hukaribia megajuli 16 hadi 18 kwa kilo yakiwa makavu, na jivu lake ni sehemu ndogo ukilinganisha na pumba. Lakini jivu hilo dogo limejaa potasiamu. Theluthi yake na zaidi yaweza kuwa oksidi ya potasiamu, wakati katika jivu la pumba potasiamu ni asilimia chache tu. Kwa hiyo, katika tanuri la mchanga wa kawaida wa mto, maganda ya kahawa ndiyo yanayoweza kukuletea lile bamba nililolieleza hapo juu mapema zaidi kuliko pumba. Jivu jingi lisilonata ni rahisi kuliendesha kuliko jivu dogo linalonata.

Dawa zipo, na ni vizuri mzijue kabla ya kuzungumza na muuzaji. Ya kwanza ni kutotumia mchanga wa silika hata kidogo. Potasiamu ikikosa silika ya kuungana nayo, sehemu kubwa ya tatizo huondoka, na ndiyo maana wengine hutumia madini ya olivini au feldspa, au hata chokaa, badala ya mchanga. Ya pili ni kutia kaolini, udongo mweupe ambao huikamata potasiamu na kuifunga katika madini yanayoyeyuka kwenye joto la juu zaidi. Pugu, karibu na Dar es Salaam, tuna hazina kubwa ya kaolini inayojulikana tangu zamani. Ya tatu ni kutoa sehemu ya mchanga kila siku na kuingiza mpya kabla utando haujawa mnene. Ya nne, ambayo naipenda kwa urahisi wake, ni kuchanganya. Kule Połaniec, Poland, boila ya megawati 205 iliyoanza kazi mwaka 2012 ilisanifiwa kuchoma vipande vya mbao kwa asilimia 80 na mabaki ya kilimo kwa asilimia 20.  Mbao ndizo zinazolilinda tanuri dhidi ya majivu ya mashambani.

Kuna na klorini. Potasiamu ikiungana na klorini hupanda na moshi ikiwa mvuke wa chumvi, kisha huganda juu ya mabomba ya kupashia mvuke na kuyala. Chuma kikiwa kwenye nyuzijoto 450 kwenda juu, ulaji huo huenda mbio. Ukimwona muuzaji anakuahidi mvuke wa nyuzijoto 520 kwa maganda matupu, mwulize mabomba hayo ni ya chuma gani na yalidumu miaka mingapi mahali pengine, kisha udai jibu kwa maandishi.

#6. HewaSafi

Naheshimu elimu inayotolewa humu, lakini naomba niseme kwa niaba ya wasio na boila. Kwanza, pumba si taka. Wafyatua matofali wanazitegemea, wafugaji wanazitandika kwenye mabanda ya kuku, na wapo wanaotengeneza mkaa mbadala kwa kuzibana. Kiwanda kikianza kuzinunua, bei itapanda na hao watarudi msituni kukata kuni. Pili, mmesema mabaki ya viwandani. Hapo watu wataingiza plastiki, matairi na vitambaa vyenye rangi za kemikali, na majirani ndio watakaovuta moshi. Tatu, jivu mnalolisifia litakwenda wapi?

#7. MotoNaMvuke

Ndugu HewaSafi, hoja zako zote tatu ni za msingi, na sitaki zipite juu juu.

Kuhusu pumba za wafyatua matofali na wafugaji, nakubali kabisa kwamba hesabu ya pumba zinazopatikana ifanywe baada ya kuondoa zinazotumika tayari. Mradi unaopangwa kwa kuzidisha mavuno ya wilaya kwa asilimia 20 unajidanganya. Pumba za kuhesabiwa ni zile zinazooza au kuchomwa ovyo usiku, ambazo Mchele_Ubaruku amezitaja.

Kuhusu mabaki ya viwandani, tuyatenganishe. Tope la karatasi, vumbi la mbao zisizo na dawa na pamba chafu za viwanda vya kuchambua pamba, vyote hivi tanuri hili huvimudu. Plastiki yenye klorini, kama mabomba ya maji na ngozi bandia, ni jambo jingine, kwa sababu moshi wake ukipoa vibaya huzaa dayoksini, sumu zilizowekwa katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Sheria za Umoja wa Ulaya hudai moshi wa taka ukae angalau sekunde 2 kwenye nyuzijoto 850, na taka hatari zenye klorini zaidi ya asilimia 1 zidaiwe nyuzijoto 1,100, joto ambalo tanuri la mchanga haliwezi kuendeshwa nalo kwa kawaida. Kwa hiyo jibu langu ni la moja kwa moja: taka za namna hiyo zisiingie humo, na kibali cha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, kitaje kwa majina ni mabaki gani yanaruhusiwa. Boila ya kiwanda cha mpunga haina vifaa vya kusafisha moshi wa namna hiyo, na kuivumilia tabia ya kutupia humo chochote kinachoungua ni kuwakosea majirani.

Tusisahau pia kwamba yapo mabaki ambayo hayapaswi kuletwa motoni kabisa. Nyuzi za mkonge ni sehemu ndogo mno ya jani. Kinachobaki kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi, ni majimaji matupu, na kuyakausha hula joto zaidi ya yatakalotoa. Ndiyo maana kule Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yalielekezwa kwenye mtambo wa bayogesi, yaani gesi itokanayo na mabaki yanayooza, uliozinduliwa mwaka 2007, na ulikuwa uamuzi sahihi.

Sasa jivu. Mtambo wa Mchele_Ubaruku utatoa karibu kilo 200 kwa saa, au tani 4 na zaidi kwa siku, na sehemu kubwa itaruka na moshi kwa sababu ni jepesi. Bila saikloni na vichujio vya mifuko, litaangukia nguo za watu na mapafu yao. Likichomwa kwenye joto la wastani, silika yake hubaki bila mpangilio wa fuwele, na jivu la namna hiyo lenye kaboni kidogo ni nyongeza nzuri ya saruji, kwa kuwa hushikana na chokaa iliyomo na kuimarisha zege. Likipikwa kwenye joto kali kwa muda, hugeuka fuwele. Hapo thamani yake kwa saruji hushuka, na vumbi lake huwa la aina ile ile inayowapa wachimbaji wa migodi ugonjwa wa mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kati ya visababishi vya saratani mwaka 1997. Kwa hiyo anayeendesha tanuri kwa nyuzijoto 950 ili apate mvuke zaidi, anaharibu bidhaa yake ya pili na kuhatarisha wafanyakazi wake kwa wakati mmoja. Mkataba wa kuuza jivu ungepaswa kusainiwa kabla ya mkataba wa boila, na wanaobeba jivu wapewe barakoa za vumbi, si vitambaa.

#8. Fundi_wa_Mwea

Salamu kutoka Kirinyaga. Naongeza kutokana na kazi ya mikono. Silika ya pumba ni kali, na mabomba ya maji yanayopita ndani ya mchanga hulika kwa kusuguliwa hata kama kemia yote iko sawa. Sisi hupima unene wa mabomba kila tunapozima kwa matengenezo, na sehemu zinazolika zaidi ni zile zilizo juu ya tundu la kuingizia pumba. Pia wakati wa kuwasha, msikubali kulisha pumba kabla mchanga haujafika nyuzijoto 500 na kitu. Tunatandaza mkaa uliolowekwa dizeli juu ya mchanga, tunauwasha, tunaongeza hewa pole pole. Mtu akiharakisha, pumba ambazo hazijawaka hukusanyika, halafu hushika zote kwa pamoja, na joto hupaa kabla hujafikia swichi.

#9. Mchele_Ubaruku

Ndugu zangu, mmenifungua macho. Mkuu MotoNaMvuke, naomba jambo la mwisho: nikienda maabara niseme nataka nini hasa? Nisije nikarudishiwa karatasi yenye tarakimu moja ya joto la pumba.

#10. MotoNaMvuke

Asante, Fundi_wa_Mwea, ulichoeleza kuhusu kuwasha kinapaswa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha boila.

Ndugu Mchele_Ubaruku, sampuli zije kwanza. Usichukue gunia moja kutoka juu ya rundo. Chukua mwanzo wa msimu, katikati na mwisho, kwa aina za mpunga unazokoboa, na uchukue zinapotoka kwenye mashine, kwa sababu rundo lililo chini huchanganyika na udongo na kukupa jivu ambalo si la pumba. Maabara ikupe unyevu, kiasi cha jivu na joto la kuungua, kisha ikupe mchanganuo wa jivu lenyewe: silika, potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na fosforasi. Klorini na salfa zipimwe kwenye pumba, si kwenye jivu. Sisitiza jivu la kupimwa litengenezwe kwa nyuzijoto 550, kwa sababu maabara zilizozoea makaa ya mawe hutumia 815, na kwa joto hilo sehemu ya potasiamu huwa imekwishapaa, hivyo majibu hutoka mazuri kuliko hali halisi.

Baada ya hapo kuna jaribio unaloweza kulifanya kwenye chuo chochote chenye tanuri dogo la umeme. Changanya jivu lako na mchanga uleule utakaotumika, gawanya kwenye vikombe vya kauri, na uviweke kwa saa kadhaa, kimoja kwenye nyuzijoto 750, cha pili 800, cha tatu 850, cha nne 900. Vikipoa, bonyeza kwa vidole. Mchanganyiko unaomwagika kama ulivyoingia uko salama. Unaovunjika kwa kubonyezwa ni onyo. Unaohitaji nyundo umekuonyesha joto ambalo tanuri lako halipaswi kulifikia. Rudia jaribio hilo kwa kila aina ya mabaki unayoweza kulazimika kuchoma pumba zikiadimika, ukianza na mabua ya mahindi na maganda ya alizeti, maana hayo ndiyo yatakayoletwa getini kwako mwezi wa Februari.

Majibu yakitoka, yaweke hapa hapa kwenye uzi kabla hujamjibu yule wakala, nasi tutaangalia pamoja kama michoro yake ya boila inalingana nayo.